Ushelisheli hakuna viza, lakini karatasi zipo: zifanye kwa mpangilio huu

Simu za watu wa fungate na za kina mama wa chama zikianza kuingia, swali la kwanza huwa lile lile, "kwani ni kweli Ushelisheli hawaitishi viza?" Ni kweli. Uwe na pasipoti ya Kenya, ya Tanzania, ya Kongo ama ya Uingereza, viza hakuna, ukifika Mahé, kisiwa chao kikuu chenye uwanja wa ndege, unagongewa kibali cha mgeni bure na kinaweza kufika hadi miezi 3. Sasa shida iko hapo, mtu akishasikia "hakuna viza" anaona ni kama kwenda Diani, anafunga sanduku. Karatasi zipo bwana, na ukizifanya nje ya mpangilio zinakula pesa zako, kwa hivyo nazieleza vile mimi ninavyowafanyia wateja wangu hapa Mombasa.

Hatua ya 1: Sindano, kabla hata ya tiketi

Ndio, kabla ya tiketi. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hivyo anayetoka huku kuingia Ushelisheli lazima awe na ile kadi ya njano ya chanjo, kuanzia mtoto wa mwaka 1 kwenda juu. Na kadi haianzi kazi siku unayodungwa, inahesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Hizo siku 10 ndo zimeliza watu.

Nilikuwa na mteja, mama mtu mzima, amekata tiketi mwenyewe baada ya kuona ofa, akanipigia nimtafutie gesti tu. Nikamuuliza chanjo, akasema ashadungwa, mimi nami nikazembea sikumwambia anitumie picha ya kadi. Tumefika siku ya safari yule kijana wa kaunta pale Nairobi anaishika kadi, anahesabu kwa vidole, anamwambia, "Mama, hii ina siku sita, siwezi kukupandisha." Kabembelezwa, kaombwa, wapi. Kampuni ya ndege ikimpeleka msafiri asiyeruhusiwa kuingia ni wao wanamrudisha, sasa yule kijana atakubalije? Mama alibadilisha tarehe kwa hela zake, na gesti ya usiku wa kwanza haikurudisha kitu. Tangu siku hiyo mteja hanipati kwa jambo lolote mpaka niione kadi, tena mbele na nyuma.

Kama una kadi ya zamani iliyoandikwa mwisho miaka 10, usikimbilie kulipa tena, tangu Julai 2016 chanjo hii ni ya maisha na hata kadi za nyuma zinahesabiwa hivyo. Waliopita miaka 60, wajawazito, na wenye maradhi yanayoshusha kinga waanze kwa daktari, kuna barua maalumu ya kusamehewa. Na Mtanzania unayeunganisha ndege Nairobi nawe angalia vizuri saa zako, ukishinda pale eapoti zaidi ya saa 12 unaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Halafu kuna wale wa kununua kadi bila kudungwa... mi siwajui na sitaki kuwajua.

Hatua ya 2: Pasipoti

Sheria yao inataka iwe hai mpaka urudi kwenu, ila kampuni nyingi za ndege zinapenda kuona miezi 6, kwa hivyo ikiwa imebaki minne we badilisha tu uondokane na mabishano. Jambo linalosumbua zaidi ni jina. Pasipoti ina majina matatu, tiketi ina mawili, kadi ya njano imeandikwa lile la nyumbani. Maharusi wapya ndo balaa, bibi harusi anakatiwa tiketi kwa jina la mume wakati pasipoti bado ni ya kwa baba. Jina liwe la pasipoti kila mahali, basi.

Ukisafiri na mtoto bila mzazi mwenzio, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Watakaouliza kwanza ni uhamiaji wa huku kwetu.

Hatua ya 3: Soma upepo ndo ukate tiketi

Hapa sisi wa pwani tuna bahati kwa sababu bahari ni ile ile na pepo ni zile zile. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma kama Mei mpaka Septemba, kukavu na kuna kiubaridi, lakini maji yanachafuka, na feri ya kutoka Mahé kwenda kisiwa cha Praslin ni kama saa 1 ya kujuta kama tumbo lako halijazoea. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inakuja na joto na mvua, Desemba na Januari ndo kunanyesha hasa. Mimi wateja wangu wa fungate nawasukumia kwenye maleleji, kile kipindi cha katikati ya pepo hizo mbili, Aprili ama Oktoba na Novemba, bahari imetulia kama maji ya beseni na ukizamisha kichwa unaona mpaka chini.

Kama likizo yako ni Julai na huna namna, chagua upande. Kusi ikivuma, Beau Vallon pale Mahé na Anse Lazio pale Praslin zinakuwa shwari kwa sababu zimegeukia kaskazini magharibi, lakini Grand Anse ya kisiwa cha La Digue usiogelee, ni nzuri kwa picha, mkondo wake hauna mchezo. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi ni kama saa 3 hivi. Wao wako mbele yetu kwa saa 1, usije ukakosa feri kwa sababu ya saa ya mkononi.

Tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Ya kwenda tu hawaitaki.

Hatua ya 4: Malazi ya kila usiku, nasema KILA usiku

Uhamiaji wanataka kuona umebuku mahali penye leseni kwa siku zote utakazokaa, si usiku miwili ya mwanzo halafu "tutaangalia mbele kwa mbele". Na wale wa mahema, kupiga kambi huko ni marufuku, hema liache nyumbani.

Wengi wanagawa siku visiwa vitatu: Mahé kwenye uwanja wa ndege, Praslin kwenye bonde la Vallée de Mai, La Digue kwenye yale mawe makubwa unayoyaona kwenye kila picha. Praslin hadi La Digue ni feri ya dakika 15. Ushauri wangu, ndege ikitua mchana sana usilazimishe kuvuka siku hiyo, lala Mahé. Na usiku wa mwisho pia lala Mahé, maana feri ikiahirishwa kwa bahari mbaya ndege haikungoji.

Gesti za kujipikia ni nyingi na ndo zinaokoa bajeti. Tangu Agosti 2023 kuna ushuru wa mazingira unaolipwa pale unapolala, rupia 25 kwa mtu kwa usiku kwenye gesti ndogo, 75 kwenye za kati, 100 kwenye hoteli kubwa, watoto wadogo hawalipi. Uliza kama umo kwenye bei ama uko nje.

Hatua ya 5: Ile fomu ya mtandaoni

Hii ndo inayowachanganya watu wakadhani ni viza. Ni idhini ya kusafiri, kila mtu anajaza hata kichanga, na bila hiyo hupandi ndege. Tovuti ya serikali ni seychelles.govtas.com, iandike mwenyewe kwa mkono kwa sababu ukigugo utaletewa juu kabisa tovuti za wajanja zenye bendera na kila kitu, zinakujazia fomu ile ile kwa bei mara kadhaa. Mara ya mwisho nimemlipia mteja, bei ya kawaida ilikuwa euro 10, na ukitaka ya haraka unaongeza, we isome pale pale kabla ya kulipa.

Andaa vitu hivi kwenye simu kabla hujafungua: picha ya ukurasa wa pasipoti isiyo na mwanga wa flashi katikati, picha yako ya uso, tiketi, buking za malazi, na kadi ya njano. Unalipa kwa kadi ya benki, Wakenya wengi wanatumia ile kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa na inakubali, ila hakikisha una salio kidogo la ziada kwa ajili ya kubadilisha pesa. Jibu kwa kawaida linakuja kwa imeili ndani ya siku moja. Mimi naijaza wiki moja kabla, likiwepo la kurekebisha nipate muda. Ikija piga skrinshoti na uprinti pia, simu huzima chaji siku usiyotaka.

Hatua ya 6: Hela

Wanaweza kukuuliza unaishi vipi, kiwango kinachotajwa siku zote ni dola 150 kwa siku. Sijaona wengi wakihesabishwa noti, ila kuwa na taarifa ya benki ya karibuni ama kadi inayoeleweka. Beba euro au dola kiasi, badilisha rupia kidogo kidogo. Shilingi zetu huko ni karatasi tu. Kukodi gari wanataka kadi ya plastiki yenyewe ya kushikilia amana, ile ya kwenye simu haifui dafu.

Basi za umma zipo Mahé na Praslin na ni rahisi mno ukilinganisha na teksi, lakini sanduku kubwa hawakuruhusu kupanda nalo. Hilo lijue kabla hujatoka uwanja wa ndege ukiwa na masanduku matatu.

Chakula usiogope. Vibanda vya kufungasha vipo, wali, samaki, pweza wa nazi ambaye ukifumba macho uko Lamu. Na shelisheli, lile tunda letu lililobeba jina la kwao! Wenyewe wanasema ukilila huko lazima utarudi, wanalipika kwa nazi na sukari kama sisi tunavyofanya ndizi.

Hatua ya 7: Sandukuni

Plagi ni zile zile za pini tatu za kwetu. Malaria hakuna, dengi ipo, kwa hivyo dawa ya mbu beba. Viatu vya majini, vidonge vya kichefuchefu au tangawizi, krimu ya jua isiyodhuru matumbawe.

Usibebe nyama, matunda, mbegu wala miche. Najua kuna mtu ameshafunga maembe ya dodo ya kumpelekea mwenyeji, yatoe. Bunduki ya kuvulia samaki marufuku, droni inataka kibali. Bangi usithubutu hata kwa mzaha.

Hatua ya 8: Kaunta ya Mahé

Tia kwenye bahasha moja, kwa mpangilio huu: pasipoti, idhini iliyoprintiwa, kadi ya njano, tiketi ya kurudi, malazi yote. Wanaongea Kikreoli, Kiingereza na Kifaransa, ukianza na "bonzour" sura zinafunguka. Jibu ulichoulizwa, umekuja likizo, siku ngapi, unalala wapi. Kibali hakikuruhusu kazi, kwa hivyo maneno ya "nikipata kibarua" yaache kabisa. Halafu watakugongea muhuri wenye umbo la ile nazi yao pacha, coco de mer, inayofanana na nyonga za mwanamke, watu wanacheka mpaka wanaupiga picha.

Na ukitaka kurudi na nazi yenyewe, nunua kwa muuzaji rasmi, akupe na karatasi ya kibali cha kuitoa nchini, na karatasi ikae kwenye mkoba wa mkononi. Kuna familia niliyoipeleka, baba akaifunga nazi kwenye kanga akaitia chini kabisa ya sanduku, karatasi nayo humo humo chini. Kwenye mashine ikaonekana vile ilivyo, akafungulishwa sanduku lote, nguo za ndani mezani, mama mkwe amesimama nyuma yake.