SOMO: Kupima mpumuo wa p, t, k kwa Praat (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "VOT inapimwaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

VOT (voice onset time) ni muda kati ya mpasuko wa konsonanti (pale hewa iliyozibwa inapoachiwa) na nyuzi za sauti kuanza kutetema. Ukiwa mrefu, pumzi husikika katikati: huo ndio mpumuo. Tunaupima kwa Praat, programu ya kompyuta ya kuchambua sauti. Mfano ni Kimvita, lahaja ya Mombasa: paa mnyama ana mpumuo, paa la nyumba halina. Vivyo hivyo kaa wa baharini na kaa la moto.

1. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), Hz 44,100, biti 16, mono.

2. Maikrofoni iwe sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, upande kidogo. Ikiwa mbele kabisa, pumzi ya p inaipiga na mpasuko hauonekani.

3. Msemaji aoneshwe picha, asisome, maana tahajia ni moja. Aseme "Sema paa tena", mara 5 kwa kila picha, picha zikichanganywa.

4. Fungua faili Praat, vuta karibu mpaka dirisha lioneshe kama ms (milisekunde) 100.

5. Weka alama mbili. Hapa ndipo kazi huharibika. Alama ya kwanza ni pale mawimbi yanaporuka ghafla baada ya kimya. K mara nyingi hupasuka mara mbili au tatu. Chagua mpasuko wa kwanza na ushike kanuni hiyo hadi mwisho. Alama ya pili ni mzunguko wa kwanza wa mghuno (mtetemo wa nyuzi za sauti), hata kama ni mdogo. USISUBIRI irabu "ipendeze". Baada ya mpumuo mghuno huanza kwa unyonge, na kwa sauti ya Hz 100 (mizunguko 100 kwa sekunde) ukiruka mzunguko mmoja umeongeza ms 10 za bure. Alama zote ziwekwe kwenye mawimbi. Spektrogramu (ile picha ya masafa chini ya mawimbi) husambaza mpasuko kidogo kushoto na kulia. P isiyoonesha mpasuko itupwe, usikisie.

6. Praat inaonesha sekunde: 0.062 ni ms 62.

MASWALI

— Mkuu, nikutumie voice note za WhatsApp unipimie?
Hapana. Hatua ya 1.

— K zangu zote ni ndefu kuliko p. Nimekosea?
Hujakosea. Ndivyo ilivyo katika lugha nyingi. Watafiti Lisker na Abramson, 1964, walipata wastani wa ms 58 kwa p ya Kiingereza na 80 kwa k. Linganisha p na p, k na k.

— Nimepata hasi kwenye b, programu ni mbovu?
Programu ni nzima. Mghuno umetangulia mpasuko. Andika hasi.

— Huo mpumuo ulitoka wapi? Sisi wa bara hatuusikii.
Swali zuri. Ni mabaki ya nazali (sauti ya puani, m au n) ya ngeli ya 9 na 10. Tazama ubao, mbao: mbele ya b nazali imebaki. Upande, pande: mbele ya p imedondoka, ikaacha mpumuo. Kaa la moto ni ngeli ya 5, halikuwa na nazali, kwa hiyo halina mpumuo. Mpime Mmvita mmoja upande na pande, utaona tofauti kwenye mzizi ule ule.

— Simu inafaa?
Inafaa, mradi programu ihifadhi WAV na uzime kipunguza kelele. Kile hudhani mpumuo ni kelele, kikaufuta.