Dawa ya tezi ya shingo na chai ya maziwa

Levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Saa nzima ni bora.

Kwa Mwanza tatizo kubwa ni chai ya maziwa ya alfajiri. Kalsiamu ya maziwa hushikamana na dawa tumboni, hivyo kiasi kinachoingia kwenye damu hupungua. Mtindi nao ni vilevile. Chai ya rangi au kahawa bila maziwa pia isubiri hiyo saa, na uji wa lishe wenye soya usogeze mbali zaidi. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo wana kalsiamu nyingi; waache kwa mchana. Sato wa jioni hana neno.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia viachane na levothairoksini kwa saa 4. Wajawazito hasa wanakosea hapa, maana humeza vyote pamoja asubuhi.

Anayetoka kwenda mwaloni, samaki wanakoshushwa, usiku wa manane na hawezi kusubiri, amuulize daktari kuhusu kumeza wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Muda ukishachaguliwa, usiurukeruke: kipimo cha TSH (homoni ya damu inayoonyesha kama dozi inatosha), wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko, kitayumba, na utaongezewa dozi usiyoihitaji.