Goti likiuma, angalia ndani ya kiatu

Mama zangu wa Goma mnaokanyaga mawe ya volkeno kutwa, na goti lililolika linawauma: jaribuni soli laini ya kuweka ndani ya kiatu, inapunguza mtikisiko. Ila toa kwanza ile ya zamani. Ukipachika mpya juu yake, kisigino kinapanda na kiatu kinachomoka kila hatua, na juu ya mawe yale ni kuanguka tu. Siku ya kwanza vaa saa moja, kisha ongeza polepole.

Ile soli iliyoinuliwa ukingo wa nje mimi siikimbilii. Tafiti zilizoilinganisha na soli bapa hazikuona tofauti ya maana kwenye maumivu. Jioni keti kitini, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi tano, rudia. Goti likivimba na kupata moto, nenda kwa daktari.