Slabu Haisubiri Kafyu: Kuendesha Mjengo Wakati wa Janga

Kafyu ya Nairobi ilianza Ijumaa, tarehe 27 Machi 2020: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kesho yake nilikuwa nimepanga kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili huko Kilimani, na sikubadilisha mpango. Foromani mwenzangu, janga kama lile la korona likikukuta kazini, usinifuate.

Mashine ya kuchanganya zege ilizima saa tisa alasiri. Kufikia saa kumi na moja, theluthi ya slabu ilikuwa bado vyuma vitupu, na vijana walikuwa wananawa miguu ndani ya karai tayari kukimbia. Tukaacha zege pale lilipofikia, kando tu ya boriti. Mwaka uliofuata maji ya bafu yakapenya palepale. Ukarabati niliulipia mwenyewe.

Basi hesabu siku yako kinyumenyume. Vibarua wangu wengi walitoka Mukuru. Matatu ya abiria 14 ilikuwa imeamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, wakawa wanatembea mwendo wa saa mbili na ushei. Mtu wa mwisho atoke getini saa kumi. Vyombo vioshwe kuanzia saa tisa. Zege la mwisho litoke mashineni saa nane, ili fundi apate muda wa kulisawazisha. Zamani tulikuwa tukiwasha taa na kumalizia usiku, sahau hiyo.

Slabu isiyotosha kwenye saa hizo igawanye mapema, mhandisi akiwepo. Pa kukatishia zege ni theluthi ya katikati, kati ya boriti na boriti, mbali na boriti zenyewe. Simamisha ubao wenye matundu ya kupitishia vyuma. Asubuhi ung'oe, ukwangue uso ule kwa brashi ya waya mpaka ukoko mweupe utoke na kokoto zionekane, ulowanishe, upake uji wa simiti, kisha umwage. Usimwachie kibarua kazi ya kukwangua. Shika brashi mwenyewe.

Kunawa: weka pipa lenye bomba getini, na liwe mbali na lile la kumwagilia slabu, la sivyo yote mawili yatakauka kabla ya saa nne. Sabuni ya kipande huota miguu. Itie ndani ya soksi kuukuu uifunge kwenye bomba. Ile dawa ya kupaka mikononi usihangaike nayo. Mikono iliyopasuliwa na simiti ikiguswa na spiriti mtu huruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na kesho hataki hata kuiona chupa.

Barakoa ya kitambaa ikilowa jasho na vumbi la simiti inakuwa plasta. Mpe kila mtu mbili, abadilishe mchana. Juu ya slabu kuna upepo, usigombane na watu sana huko. Ndani ya stoo, na kwa fundi anayepiga plasta chooni na mtu wake wa mkono, hapo kuwa mkali. Chakula kwa zamu mbili, basi.

Pesa usigawe mkononi, foleni ya Jumamosi hujazana mabegani. Mwaka ule, tangu katikati ya Machi, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukuwa na makato, kwa hiyo nikawa natuma ujira kila siku saa nane na nusu. Faida ambayo sikuitarajia: mtu aliyekwisha kuona ujumbe kwenye simu hazururi getini akinisubiri.

Mwisho, andika kila mtu analala wapi na kwao ni wapi, na uulize nani ana safari. Fundi wangu wa vyuma alikwenda mazishini Bungoma tarehe 3 Aprili. Jumatatu tarehe 6, Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kwa siku 21, tuliambiwa. Alirudi Julai, njia zilipofunguliwa, na kuku wawili chini ya kwapa. Kazi yake ilikuwa na mtu mwingine. Nilimpa vyuma vya ngazi ya kwenda ghorofa ya nne, maana huyo mwingine alikuwa amevikunja vibaya.