Kuwaweka wahitimu karibu na tawi: mwongozo kwa katibu mpya wa fratenati

Kila Mei, tawi la fratenati katika chuo cha Marekani hupungukiwa na kama robo ya watu wake kwa mkupuo mmoja. Wanavaa majoho, wanapiga picha mbele ya nyumba ya tawi, wanapakia magari, basi. Ikifika vuli, baadhi ya barua pepe zao za chuo zimeshafungwa na simu hazipokelewi. Katibu anayewajua naye anaondoka mwaka unaofuata. Mawasiliano na wahitimu hukatikia hapo. Kaka wakubwa wanalijali tawi sana. Tatizo ni kwamba anayejua walipo huhitimu kabla hajamwonyesha mwingine.

Mwongozo huu ni wa yule aliyechaguliwa kushika kazi hiyo, awe mzaliwa wa Ohio au kijana wa Mombasa aliyejiunga akiwa mwaka wa pili. Kwa msomaji ambaye neno ni geni: fratenati ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, kinachojulikana kwa herufi za Kigiriki, chenye matawi katika vyuo mbalimbali. Desturi ya herufi hizo ilianza na Phi Beta Kappa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia, ingawa leo hicho ni chama cha heshima ya kitaaluma. Alpha Phi Alpha, ya wanafunzi Weusi, ilizaliwa Cornell mwaka 1906. Mwaka 1930 vyama vya Weusi viliunda baraza lao la pamoja katika Chuo Kikuu cha Howard, na leo vimo tisa: vitano vya wanaume na vinne vya wanawake. Kwa hao tisa, kuhitimu hakumtoi mtu chamani. Anahamia tawi la wahitimu la mji anaoishi, analipa ada, anahudhuria vikao, anafanya kazi za jamii. Tawi lolote linalolalamika kwamba wakubwa wake wamepotea lina mengi ya kujifunza hapo: mtu hubaki pale anapopewa kazi ya kufanya.

Anza na daftari

Kabla ya barua, kabla ya sherehe, tengeneza jedwali moja. Moja tu, mahali pamoja, kwenye akaunti ya tawi na si ya kwako binafsi. Kila mwanachama awe na mstari wake, na mstari uanze na namba yake ya uandikishwaji, ile aliyopewa siku ya kuapishwa. Majina yanafanana na mengine hubadilika, lakini namba hairudiwi. Baada yake weka jina kamili na jina analoitwa (asiyejulikana kwa jina la cheti hatajibu barua inayomwita hivyo), mwaka wa kuingia, mwaka wa kuhitimu, kaka mlezi wake (mwanachama aliyemlea alipojiunga), barua pepe binafsi, simu yenye msimbo wa nchi, anwani ya posta, mji na kazi.

Safu mbili za mwisho ndizo zinazosahauliwa. Ya kwanza ni tarehe ambayo taarifa ilithibitishwa mara ya mwisho. Bila tarehe huwezi kujua kama namba ya simu ni ya mwaka jana au ya miaka kumi na miwili iliyopita. Ya pili ni hali: hai, hataki kuandikiwa, amefariki. Hakuna kosa linaloumiza kama mjane kupokea barua ya kuomba mchango iliyoandikwa jina la mumewe aliyezikwa miaka mitatu nyuma. Familia hiyo hailisahau tawi kwa hilo. Habari ya msiba ikifika, badilisha safu hiyo siku hiyohiyo, kisha tuma rambirambi kwa mkono wa mtu aliyemfahamu marehemu.

Wakamate kabla hawajaondoka

Taarifa za wanaohitimu zikusanywe Aprili, katika kikao cha kawaida cha wiki, kabla ya mitihani. Usitume fomu ukategemea waijaze kwa wakati wao, hawataijaza. Tenga dakika kumi, kila mmoja ashike simu yake, ajaze pale pale. Kisha fanya jambo moja dogo linalookoa mengi: tuma ujumbe wa majaribio kwa barua pepe aliyoandika, naye aujibu kabla hajainuka kitini. Herufi moja iliyokosewa huonekana papo hapo, wakati bado anaweza kuirekebisha.

Anwani ya chuo usiikubali, hata akikuhakikishia kwamba haitafungwa.

Wanaorudi nje ya Marekani wanahitaji uangalifu zaidi. Laini ya kulipia kabla ikikaa miezi kadhaa bila kuongezwa salio hufungwa, na namba yake hatimaye hupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp iliyofunguliwa kwa namba hiyo huwa hatarini pia. Kwa hiyo anayerudi Nairobi au Dodoma aandikishe namba ya nyumbani ya mtu asiyehamahama, kama mama, dada au mjomba mwenye duka, pamoja na barua pepe yake mwenyewe.

Waliopotea zamani

Kama umerithi daftari lenye mapengo ya miaka ishirini, anzia ukutani. Nyumba nyingi za matawi zina fremu kubwa za kila mwaka zenye picha ndogondogo za wanachama wote, kila uso na jina lake chini. Zipige picha kwa simu mchana, bila mwanga wa kamera, ukisimama kando kidogo ili kioo kisirudishe dirisha. Piga fremu nzima, halafu sogea upige kila safu ya majina peke yake, maana maandishi yale ni madogo na picha ya jumla ikikuzwa huwa ukungu. Yaingize majina kwenye jedwali kwa mwaka. Kwa mchana mmoja utakuwa na orodha ambayo pengine haijawahi kuandikwa popote.

Kisha fuata ukoo. Kila mwanachama mpya hupewa kaka mlezi, naye baadaye humlea mwingine, hivyo kuna mnyororo kutoka kwa kijana wa leo hadi kwa mzee wa miaka ya 1970. Mpigie uliye na namba yake, umuulize mambo mawili: kaka mlezi wako yuko wapi, na uliyemlea yuko wapi? Njia hii inazishinda mashine za kutafutia, kwa sababu swali linamfikia mtu kupitia rafiki, wala hashtuki kwamba kuna mgeni anayemfuatilia. Waliobaki waombe kupitia ofisi ya wahitimu ya chuo. Mara nyingi haitoi anwani, lakini huweza kukubali kuwafikishia barua yenu. Makao makuu ya chama nayo hutunza kumbukumbu za walioapishwa.

Barua nne kwa mwaka, fedha kwenye moja tu

Mhitimu aliyezoea kusikia kutoka kwenu pale tu mnapotaka hela huacha kufungua barua. Panga barua nne: Septemba, Desemba, Machi na Mei. Ya Septemba iwakaribishe kwenye wikiendi ya vuli, ya Desemba ibebe ombi la mchango, kwa kuwa Wamarekani wengi huchangia kabla mwaka wa kodi haujaisha. Ya Machi iwatambulishe wanachama wapya kwa majina na masomo yao. Ya Mei iseme wanaohitimu wanakwenda kufanya nini na wapi, ili mkubwa aliyeko Atlanta ajue kuna mdogo wake anayehamia huko mwezi ujao na hajapata chumba. Barua hiyo ya Mei ndiyo huleta majibu mengi kuliko zote, kwa sababu inampa msomaji nafasi ya kusaidia.

Kila barua isizidi ukurasa mmoja. Kichwa chake kitaje jina la tawi na chuo, barua pepe yenye kichwa kama "Habari!" huonekana ya matapeli. Weka jambo halisi: paa lililotengenezwa, wastani wa alama za muhula, jina la aliyepata ufadhili. Picha zichungulie kabla ya kutuma. Mikebe ya bia mezani kwenye picha ya vijana wa miaka 19 ni ushahidi, maana umri halali wa kunywa pombe Marekani ni 21.

Usiweke anwani 300 mahali ambapo kila mpokeaji anaziona. Mmoja atajibu wote, mwingine atawauzia wote bima, na wiki hiyohiyo kumi watakuomba uwaondoe. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Orodha ikikaribia hapo, tumia huduma ya kutuma barua pepe kwa wingi yenye kitufe cha kujiondoa.

Mara moja kwa mwaka tuma barua ya karatasi kwa daraja la kwanza la posta, na kwenye bahasha, chini ya anwani yenu, chapisha maneno "Return Service Requested". Aliyehama, bahasha yake itarudi kwenu ikiwa na kibandiko cha anwani mpya au sababu ya kutofika. Msizitupe bahasha hizo. Kila moja ni mstari wa daftari unaosubiri kusahihishwa.

Wikiendi ya kurudi chuoni

Vyuo vingi hufanya siku hii vuli, sambamba na mechi ya mpira wa Kimarekani ya nyumbani. Ratiba ikitoka, tangazeni tarehe yenu wiki hiyo, maana hoteli za miji midogo ya vyuo hujaa mapema. Kumbusheni miezi mitatu kabla, wiki sita kabla, na wiki mbili kabla.

Bei ya tiketi ipigieni hesabu kwa waliolipa, si kwa waliosema watakuja. Anayejua mambo ya kadi za michango ya harusi anaelewa tofauti hiyo. Tuseme hema na viti ni dola 520 na chakula ni dola 18 kwa mtu. Mkiwa na uhakika wa watu 40, gharama za hema ni dola 13 kwa kila mmoja, jumla 31. Tozeni 35. Zile nne za ziada zitalipia wageni wawili watatu na barafu. Mkitoza 25 kwa kutumaini watu 80, tawi litakula hasara hadi Krismasi.

Mlangoni weka meza yenye wanachama wawili, daftari, na vitambulisho vya kubandika kifuani. Jina liandikwe kwa kalamu nene lisomeke kutoka hatua nne, na chini yake mwaka wa kuhitimu kwa ukubwa uleule. Mtu wa 1988 akiingia macho yake hutafuta "1988" kwanza. Wakati anaandikiwa, mwanachama wa pili amwonyeshe mstari wake daftarini: "Shikamoo kaka" ya Kimarekani ni kumuuliza kwa heshima kama anwani bado ni hiyo. Kisha mkabidhini kwa mwanafunzi mmoja wa kumtembeza nyumba na kumketisha. Wanafunzi wakijikusanya pembeni na simu zao, wakubwa hula, hutazama saa, na hawarudi.

Atakuwepo pia mzee atakayetaka wanachama wapya "wapimwe kama sisi zamani". Jibu liwe la adabu na liwe hapana. Unyanyasaji wa wanaojiunga umeua vijana, majimbo mengi yana sheria dhidi yake, na sheria ya shirikisho ya 2024 inavitaka vyuo kuchapisha taarifa za matukio hayo.

Mchango na kodi

Tawi kwa kawaida huhesabiwa kama klabu ya kijamii chini ya kifungu cha 501(c)(7) cha sheria ya kodi ya Marekani, hivyo anayelichangia moja kwa moja hapati nafuu ya kodi. Mfuko wa elimu uliosajiliwa chini ya 501(c)(3) humpa nafuu hiyo. Semeni wazi fedha inaingia wapi. Kwa mchango wa dola 250 au zaidi kwa mfuko, mchangiaji anahitaji risiti ya maandishi. Shukrani ziende ndani ya siku saba, kwa kadi ya mkono, zitaje kilichonunuliwa, na ziandikwe na mwanafunzi aliyenufaika badala ya mweka hazina.

Walio mbali

Kikao cha mtandaoni cha saa moja jioni New York wakati wa baridi ni saa tisa usiku Nairobi. Kiwekeni Jumamosi saa tano asubuhi New York, na Afrika Mashariki itakuwa saa moja jioni. Majira ya joto, saa kumi na mbili. Andikeni saa zote mbili kwenye mwaliko.

Makabidhiano

Katibu mpya achaguliwe mwezi wa Novemba au Desemba, ili akae miezi minne kando ya yule wa zamani. Barua ya Machi aiandike mpya, wa zamani airekebishe. Mwezi wa Aprili mpya aendeshe ukusanyaji wa taarifa huku mwenzake akiwa mmoja wa wanaojaza fomu. Nywila ya akaunti ibadilishwe siku ya makabidhiano, nakala ya daftari iliyofungwa kwa nywila iende kwa mshauri mhitimu wa tawi, na mstari wa mwisho ambao katibu anayeondoka anaujaza uwe wa kwake mwenyewe, wenye tarehe ya siku hiyo.