SOMO: Kaushio la jua la maembe na mboga

Kila msimu wa maembe naulizwa jambo lile lile, namna ya kutengeneza kaushio la jua, yaani sanduku la kukaushia chakula kwa joto la jua, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

1. Piga sanduku la mbao: urefu mita 2, upana mita 1, mbele kimo sm 20, nyuma sm 40.

2. Paka bati bapa rangi nyeusi isiyong'aa, litandike chini. Iache rangi ikauke hadi harufu iishe kabisa.

3. Matundu ya hewa. Hapa ndipo nilipoharibu ndoo mbili za maembe. Nilitoboa vitundu vidogo mbele tu, nikidhani nalinda joto. Saa sita mchana nailoni ya kufunikia ilikuwa inatiririsha maji kwa ndani, na siku ya tatu vipande vina ukungu wa kijivu na harufu ya pombe. Joto lilikuwepo, ila mvuke haukuwa na pa kutokea. Acha mwanya wa sm 5 mbele, chini kabisa, na mwingine nyuma, juu kabisa, yote kwa urefu wote wa sanduku. Zibeni kwa neti ya mbu, msizibe kwa kitambaa! Ukiona umande kwenye nailoni, ongeza mwanya wa juu.

4. Trei: fremu ya mbao na neti ya plastiki, sm 10 juu ya bati. Wavu wa mabati usiguse matunda, asidi inaula.

5. Funika kwa nailoni angavu, inua sanduku kwa miguu.

Embe likatwe unene wa milimita 5 hivi, vipande visipandane.

Maswali

— Mkuu, matundu yanakaa wapi?
Hatua ya 3.

— Nikiweka nailoni nyeusi si joto litazidi?
Hapana. Mwanga lazima ufike kwenye bati.

— Mama anakausha majani ya kunde, yanapauka. Tatizo ni jua lenyewe?
Swali zuri sana, dada. Ndiyo, jua la moja kwa moja linaua rangi na vitamini A. Achovye majani kwenye maji yanayochemka dakika 2, ayachuje, kisha atandaze kitambaa cheusi juu ya trei bila kugusa majani. Nsansa, yaani majani hayo ya kunde yaliyokaushwa, itabaki kijani.

— Kwetu Usukumani tunakausha michembe (vipande vya viazi vitamu vibichi) juu ya mwamba. Humu itafaa?
Itafaa, na vumbi halitaingia. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kabla ya kukaushwa) pia, ila yaache yapoe kwanza, yana mvuke mwingi.

— Nitajuaje embe limekauka?
Likunje: lisivunjike, na ukilibana lisitoe maji. Liweke kwenye chupa ya kioo, uichungulie kila siku kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji kiooni, lirudishe juani siku hiyo hiyo.