Nyasi mpya na miche mipya: miezi mitatu ya kwanza kwenye kiwanja cha Dar

Habari za leo wanabustani. Mwezi huu nimetumiwa picha nyingi za nyasi zilizoanza vizuri kisha zikageuka njano kuanzia wiki ya tatu. Karibu zote zimekuja na maneno yale yale: "Mwalimu, namwagilia kila siku asubuhi na jioni, mbona zinakufa?" Nimeona niandike somo zima badala ya kujibu mmoja mmoja. Ninachoomba mkishike ni kimoja: miezi mitatu ya kwanza kazi yetu iko chini ya ardhi. Majani yatapendeza yenyewe mizizi ikishashuka.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Kwetu Dar kuna milango miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kiwanja tambarare, panda mvua zinapoanza. Kiwanja cha mteremko, kama vile vya Goba, Madale na Kimara, subiri. Mvua za Aprili zitabeba udongo, samadi na vipando vyako (vile vipande vya nyasi vya kupanda) hadi kwa jirani wa bondeni. Huko panda katikati ya Mei mvua zikiwa zinapungua, au mwanzoni mwa vuli.

Januari na Februari siwashauri kabisa, labda uwe na maji ya uhakika. Jua ni kali na upepo wa kaskazi unakausha kipando kabla hakijatoa hata mzizi mmoja.

Hatua ya 2: Ujue udongo ulio chini

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na mimi nilishaharibikiwa. Nilipomaliza kujenga, nilisawazisha uwanja, nikamwaga udongo mweusi kiasi cha vidole viwili, nikapanda. Baada ya mwezi nyasi zilikuwa za kijani kila mahali isipokuwa kwenye duara moja karibu na geti, zimenyauka kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Nikachimba kwa jembe. Sentimita sita tu chini jembe likagonga na kurudi: ni pale mafundi walipokuwa wakichanganyia zege. Mizizi ilifika hapo ikageuka kulala kando. Nililia na gharama ile, maana ilibidi nifumue, nitoe ule ukoko wote kwa sururu, nijaze udongo upya.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kiroba kimoja cha nyasi, tembea na sururu. Chimba sehemu tano au sita za uwanja, kila moja sentimita 20. Toa kifusi, vipande vya tofali, mifuko ya saruji, misumari. Kisha lima, changanya samadi iliyooza, toroli moja kwa kila mita za mraba 10, usawazishe kwa reki.

Samadi ichunguze kwa mkono. Ichote, ifinye, inuse. Ikiwa bado ina joto au inanuka mkojo, ni mbichi na itaunguza mizizi. Ile ya kuku ndiyo kali zaidi. Iliyoiva inanuka udongo wa mvua na inapukutika kwenye vidole.

Na yale magugu ya ndago mziondoe sasa hivi. Nitarudi kwenye ndago kwenye maswali.

Hatua ya 3: Kupanda nyasi

Ukoka wa kawaida unataka jua la kutwa. Nyasi za Pemba, zile za jani pana, zinavumilia kivuli. Paspalamu ndiyo inayostahimili chumvi kuliko zote. Chagua kwa hali ya kiwanja chako, usichague kwa picha uliyoona kwa mtu.

Kipando kizuri kina pingili tatu. Zika mbili, moja ibaki juu na majani yake. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya kipando na kipando, kisha kanyaga kwa mguu ili udongo uishike pingili. Kipando kinachoning'inia kwenye hewa hakitoi mzizi. Nyasi zisilale kwenye kiroba zaidi ya siku moja. Ukitia mkono katikati ya kiroba kilicholala siku mbili utakuta joto, hapo zimeanza kuoza.

Hatua ya 4: Maji

Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiijua hesabu hiyo huhitaji kubahatisha tena.

Siku 14 za kwanza kipando hakina mizizi, kwa hiyo udongo wa juu usikauke. Mwagilia kidogo mara mbili: saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 10 jioni. Jumla ya milimita 6 kwa siku inatosha. Kwa uwanja wa mita za mraba 40 hiyo ni lita 240, dumu 12 za lita 20. Mvua ikinyesha ya kutosha, usimwagilie.

Siku ya 14 piga magoti. Shika kipando kwa vidole viwili, kivute taratibu kama unavyojaribu jino la mtoto. Kikija bila ubishi, endelea vile vile siku nne tano. Kikikataa, kimeshika, na hapo ndipo lazima ubadilishe.

Hili ndilo jibu la picha zenu. Wengi wanaendelea na yale maji ya mara mbili kwa siku hadi mwezi wa tatu. Maji yanaishia sentimita mbili za juu, na mizizi nayo inabaki hapo hapo, kwa nini ishuke wakati chakula kinaletwa mlangoni? Kisha siku moja maji yanakatika, jua la mchana mmoja linatosha kuiunguza yote. Wengine wana udongo wa mfinyanzi, kwao mizizi inaoza kwa kukosa hewa. Njano ni ile ile, na mwenye nyumba anaongeza maji.

Kuanzia wiki ya tatu mwagilia siku moja, pumzisha siku mbili, lakini kwa kushiba: milimita 15. Uwanja ule ule wa mita 40 unapata lita 600 kwa mkupuo, dumu 30. Ukipiga hesabu ya wiki, unatumia maji machache kuliko mwanzo. Kama unatumia mpira wenye kichwa cha kunyunyizia, tega makopo matatu ya maziwa sehemu tofauti za uwanja, pima kwa rula maji yaliyoingia. Baada ya saa moja choma bisibisi ndefu ardhini. Inashuka laini mpaka maji yalipofika, kisha inagoma. Unataka igomee sentimita 12 au 15.

Msimwagilie usiku. Majani yanayolala na maji yanakaribisha ukungu, na hewa yetu tayari ina unyevu mwingi.

Hatua ya 5: Kukata na kulisha

Kata mara ya kwanza nyasi zikifika sentimita 8, na usiondoe zaidi ya theluthi moja. Fyekeo au mashine iwe na makali, na udongo uwe umekauka kidogo juu. Mbolea isubiri wiki sita. Hapo weka urea gramu 100 kwa mita za mraba 10, kama nusu kikombe cha chai, itawanye sawasawa kwenye majani makavu, kisha mwagilia papo hapo. Dawa ya kuua magugu msiiguse mpaka mmeshakata mara tatu. Ng'oeni kwa mkono.

Hatua ya 6: Miche ya maua na miti

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya kiriba (ule mfuko wa nailoni wa mche), lakini kina kilingane na kiriba tu. Watu wanapenda kuchimba kisima, udongo unashuka baadaye, mche unazama na shingo yake inaoza. Ile sehemu shina linapopanuka kuwa mizizi inapaswa kuonekana juu ya ardhi.

Kiriba kitoeni chote. Nimeng'oa miti ya mashoki ya miaka miwili yaliyodumaa, chini nikakuta nailoni bado imekumbatia mizizi. Na ukikuta mizizi imejizungusha ndani ya kiriba kama kamba kwenye ndoo ya kisima, ikate sehemu tatu kwa kisu kikali. Najua roho inauma, lakini ukiiacha itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge.

Rudishia udongo, tengeneza beseni kuzunguka mche, mwaga lita 10 polepole. Wiki ya kwanza kila siku, mwezi wa kwanza kila baada ya siku moja, kisha mara mbili kwa wiki. Tandaza majani makavu, makuti yaliyokatwakatwa au makumbi unene wa sentimita 5 hadi 8, ila yaache wazi sentimita 10 kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina mchwa wanapanda. Mbolea ya DAP isiwekwe shimoni ikagusa mizizi.

Na mkrismasi, jamani, msiupande karibu na karo la choo wala ukuta. Ni mzuri Desemba ukiwaka mwekundu, lakini mizizi yake ina nguvu na inakwenda mbali.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Kisima changu kina chumvi, ncha za majani zinakauka kahawia. Nifanyeje?*

Marahaba, mama. Hiyo kahawia ya nchani ni chumvi inayobaki majani yanapokausha maji. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku unairundika juu. Mwagilia kwa wingi mara chache ili maji yaisukume chini. Mchanga wa Kigamboni unapitisha vizuri, hiyo ni bahati yako. Kinga maji ya mvua ya bati, uyatumie kwa miche michanga kwanza. Maji ya kisima yaelekeze ardhini, yasirushwe kwenye majani. Na kama bado hujamaliza kupanda, badilisha kwenda paspalamu.

*Mwanachama wa Tabata: Kaka, kwetu maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Nyasi zinawezekana?*

Zinawezekana, ndugu yangu, ila usipande uwanja wote mara moja. Chukua mita 10 za mraba, dumu tatu kwa siku zinatosha wiki mbili za mwanzo. Zikishika, sogea. Vipando vya kipande kinachofuata utavitoa hapo hapo bila kununua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie. Ya kufulia yenye dawa ya kung'arisha nguo yapeleke kwenye karo.

*Mwanachama wa Ubungo: Chini ya mwembe wangu ukoka umekufa mara ya pili.*

Dada, usiurudie mara ya tatu. Ukoka hauishi kivulini. Jaribu Pemba pale jua linapopenya. Karibu na shina acha majani ya mwembe yenyewe yawe matandazo.

*Mwanachama wa Mbagala: Ndago nang'oa kila Jumapili, zinarudi nyingi zaidi.*

Ukivuta, jani linakatika na kile kiazi kidogo cheusi kinabaki chini, tena vimeungana kama tasbihi. Ukikigusa kimoja bila kukitoa, wenzake wanaamka. Mwagilia kwanza udongo ulainike, ingiza uma wa bustani sentimita 20, inua bonge zima, chambua viazi kwa mkono. Usivitupe kwenye lundo la mboji, vianike kwenye bati hadi vikauke kabisa. Ni kazi ya miezi, nakuambia ukweli.

*Mwanachama wa Bunju: Mwalimu, bogenvilia nimeipanda Jumamosi, leo majani yote yamedondoka. Niweke mbolea?*

Usiweke. Bogenvilia haipendi mizizi yake isumbuliwe, na ikisumbuliwa inaacha majani ili ipunguze kiu. Kwangua gome la tawi kwa ukucha, kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Ukiona kijani chenye majimaji, iko hai. Mwagilia inapokauka tu, uiache. Ukiona kahawia kavu, shuka chini ya tawi ukwangue tena, na tena, hadi ufike karibu na shina. Palipo kijani ndipo pa kukatia. Nitumie picha ya ulipokwangua nikuangalizie.